Matairi ya Kumbeba Inspekta

Jumanne, 11 Novemba 1997

Leo nimeingiza gari kwenye chai ya watu. Kinyumenyume! Na dume la ng'ombe nyuma.

Niandike vizuri. Nilikuwa natoka kwa mwalimu mmoja hapa Mogogosiek. Inspekta alikuwa amemaliza kazi yake kwa ng'ombe watatu, yuko ndani ya treila anacheua kama mzee aliyetoka harusini. Mvua ilikuwa imekatika. Kile kilima kabla ya kiwanda cha chai nimekipanda mara mia. Leo kikakataa. Land Cruiser ilifika katikati, magurudumu yakazunguka bure kama ya cherehani, halafu tukaanza kurudi. Polepole. Hiyo ndiyo mbaya — ukirudi polepole unapata nafasi ya kuona kila kitu. Treila ikajikunja, ikazama kwenye chai, na mimi nikaifuata.

Wachumaji walicheka mpaka wakatua vikapu. Mmoja aliuliza kama dume limekuja kuchuma au kupimiwa majani.

Inspekta hakuumia hata unywele. Alinitazama tu. Tulimpa jina hilo kwa sababu hafanyi jambo kabla ya kulikagua, na leo alinikagua mimi.

Okoth, fundi wa trekta za kiwanda, ndiye aliyetuvuta. Alipomaliza akazunguka gari, akapapasa matairi kama daktari anayepapasa tumbo la mtoto. "Mama Fancy, hizi si matairi. Hizi ni mayai." Kipara, yote manne! Nikamwambia nilitaka yafike Krismasi. "Yenyewe yatafika," akasema. "Wewe ndiye sijui."

Nyumbani Johana aliuliza jambo moja tu: umeumia? Nikasema hapana. Akatazama matope kwenye mlango wa gari, akachukua ndoo, akaenda kukamua. Mume wangu huyu aliendesha lori la mbao Londiani miaka kumi na saba. Tangu 1988 hajashika usukani wala kukaa kiti cha mbele cha gari lolote. Akienda Litein anatembea. Mimi ndiye dereva wa nyumba hii, na jambo hilo hatulizungumzi.

Jumatano, 12 Novemba

Barua kutoka kwa Chepngeno, mdogo wangu aliyeolewa Londiani. Imeletwa na lori la viazi, inanuka viazi.

Kikundi chao cha akina mama kinamngoja Inspekta. Ng'ombe kumi na mmoja, hakuna hata mmoja mwenye mimba. Yule bwana wa sindano ya mbegu za dume hafiki tena kwa sababu ya barabara. Nimeahirisha mara mbili! Kwenye mkutano mama mmoja, Mellen, alisimama akauliza kama dume hili lina miguu au ni la kuchorwa. Wote wakacheka. Chepngeno ndiye alinisifu mbele yao, sasa hana pa kuweka uso. Wametoa siku ya mwisho: Jumatano tarehe 26. Ikipita, watatafuta dume lingine.

Wiki mbili. Matairi kwanza.

Na kumbe kila mwanamume wa hapa ni mtaalamu wa matairi! Karani wa kituo cha kupimia chai anasema nipunguze upepo. Mzee wa kanisa anasema niweke mawe ndani ya gari. Aliyeongea kwa muda mrefu kuliko wote ana baiskeli. Hata hiyo, tairi la mbele halina tubu.

Aliyenyamaza ni mmoja tu. Yuko jikoni anakunywa chai.

Ijumaa, 14 Novemba

Shemeji Kipchoge amekuja kutoka Nakuru. Viatu vyeupe! Mogogosiek! Novemba hii!

Amesikia habari ya chai — inaonekana hata Nakuru wamesikia. Ametoa picha mfukoni, aliikata kwenye jarida: gari jekundu limesimama juu ya mwamba, matairi mapana kama mapipa, yameandikwa kwa herufi nyeupe. "Shemeji, ukivaa hizi, watu wa Londiani watasimama barabarani."

Nikamwambia sitaki wao wasimame. Nataka mimi nisisimame.

Lakini picha ni nzuri, nikubali. Rafiki yake ana manne kama hayo, karibu mapya, yatatoshea rimu zangu. Ataleta Jumanne nijaribu. Johana aliitazama picha, akairudisha juu ya meza taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe chenye ufa.

Jumamosi, 15 Novemba

Litein. Nimeenda kwa Nyanchoka, mama wa Kisii anayeuza matairi nyuma ya soko. Kibanda chake kinang'aa! Matairi meusi tititi, yamepangwa kama sufuria mpya. Ni yale ya kuvalishwa — tairi la zamani, linashikishwa mpira mpya juu. Nikapapasa meno yake. Mazuri, marefu. Nikajipangusa jasho.

Nikamuuliza moja kwa moja: "Kama ni wewe, mama, na dume nyuma, na Londiani mbele — ungeweka hizi?"

Akanivutia kiti. Akasema kwa kubeba watu wa kanisa nichukue, hatakataa. Lakini kwa mzigo ule, safari ile yote kwenye lami, tairi likipata moto mpira ulioshikishwa unaweza kubanduka kama ganda la ndizi. "Siwezi kukudanganya halafu nisikie redioni." Akanifungulia soda. Nampenda mama huyu. Amekataa kuniuzia, na mwakani nitarudi kwake kwa kila kitu kingine.

Nikapita sokoni kurudi kwenye gari. Watu walinisalimia kwa furaha kubwa sana, nikadhani ni upendo. Mpaka Janeffer wa duka la dawa akanipa kioo. Rangi ya viatu! Kutoka paji la uso mpaka shavu. Kumbe ndiyo inayong'arisha yale matairi.

Jumapili, 16 Novemba

Kanisani. Pasta amehubiri juu ya njia pana na njia nyembamba. Nusu ya kanisa iligeuka kunitazama. Nikacheka kwa sauti — mimi, mweka hazina wa akina mama! Nikajifanya nakohoa. Johana alinipa leso bila kugeuza kichwa, lakini mabega yake yalikuwa yanacheza.

Jumanne, 18 Novemba

Siku ya mapipa.

Kipchoge alikuja nayo kwenye pikapu ya rafiki yake. Okoth akayafunga wakati wa mapumziko ya mchana. Gari likawa zuri! Limenyanyua kifua kama mgombea uchaguzi. Nikazungusha usukani kushoto — kwaruuu! Tairi linakula bati la kuzuia matope. Kulia — kwaruuu! "Ni kidogo tu, tutakata bati," akasema shemeji.

Tukafunga treila na Inspekta ndani, maana hakuna haja ya kujaribu bila mzigo wenyewe. Pale tambarare mbele ya kiwanda nikaongeza mwendo kidogo. Woi! Mkia ukaanza kucheza. Treila kushoto, gari kulia, treila kulia, gari kushoto, kama mbwa aliyemwona bwana wake. Okoth akaniambia baadaye: mapana yale ni ya gari jepesi, ubavu wake ni laini. Ukilikalisha dume nyuma, tairi linabonyea, na likibonyea linayumba.

Halafu kilima. Kilima kile kile.

Yakaelea. Sina neno lingine. Gari lilikaa juu ya matope kama samli juu ya maziwa, likateleza kwa heshima mpaka kwenye mtaro. Wachumaji wakatua vikapu tena. Sasa wananijua kwa jina.

Kipchoge aliruka kusukuma. Mungu amsamehe, alisimama nyuma ya gurudumu. Viatu vyeupe havipo tena duniani. Suruali pia. Alibaki macho na meno.

Okoth akachuchumaa mbele ya Kipchoge, akachimba kwa kidole. "Shemeji, angalia. Matope yetu ni kama uji, chini kuna sufuria. Chini ni kugumu! Tairi nyembamba inakata uji inagusa sufuria. Hii yako inakaa juu ya uji inangoja kuombewa."

Akasema anachotaka ni jembamba, refu, meno makubwa, plai kumi — yaani ubavu mgumu wa kubeba. Yapo Kericho. Alhamisi ana likizo, atanisindikiza.

Mapipa yamerudi na pikapu, mayai yangu yamefungwa tena. Picha ya Kipchoge nimeitoa kwenye daftari. Nimefungia sukari.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua. Siku nzima.

Johana alisimama dirishani akiitazama Land Cruiser. Nikamuuliza anawaza nini.

"Mvua," akasema.

Alhamisi, 20 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Okoth yuko kiti cha mbele tayari, treila tupu tumefunga ili nipitie chakula cha ng'ombe. Nawasha injini. Mlango wa nyuma unafunguka. Johana! Amevaa koti la kanisani. Akakaa kwenye lile benchi la nyuma kabisa, akafumba macho, akashika chuma kwa mikono miwili. Niliendesha mpaka Kericho kama niliyebeba mayai, na kweli nilikuwa nimeyabeba, manne, yanazunguka.

Dukani kuna kijana wa tai, Eliakim, anaongea vizuri. Akatoa manne: membamba, meno kama ya mamba, ubavu umeandikwa plai kumi. Okoth akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hii. Mimi nikafungua mkoba.

"Ngoja," akasema mtu nyuma yangu.

Johana akalichukua tairi la kwanza, akalibingirisha mpaka mlangoni kwenye mwanga. Akaliwekea goti. Akalikunja. Akapitisha vidole ndani, pole pole, duara yote, macho ameyafumba. Sawa. La pili. Sawa. La tatu akasimama.

"Hii ilikaa wapi?"

Eliakim akasema ni mpya, bado ina karatasi.

"Sijauliza kama ni mpya. Nimeuliza ilikaa wapi."

Akalikunja tena, akatuita. Katikati ya meno, nyufa ndogo, nyembamba kama za midomo iliyokauka. Lilikaa dirishani, akasema, miaka minne au mitano, juani. Eliakim akalegeza tai. Akaenda stoo akaleta mengine. Johana akayakagua tisa! Hakuwa na haraka. Wateja wakaanza kumfuata, bwana mmoja akamwomba aje atazame ya pikapu yake nje. Sijamsikia mume wangu akiongea na watu wengi hivyo tangu harusi ya dada yake.

Alichagua manne na la spea. Nikasema haya, twende.

"Na treila?"

Tukatazamana. Watu wote wa Mogogosiek, Litein na Nakuru, pamoja na yule wa baiskeli, wametazama gari. Dume linakaa wapi? Kwenye treila! Tukatoka nje. Matairi mawili ya treila ni ya zamani kuliko Fancy binti yetu, na Fancy yuko kidato cha tatu. Johana aliingiza kucha kwenye ufa, kucha ikazama yote.

Okoth alivua kofia.

Ijumaa, 21 Novemba

Asubuhi, tukikamua. Yeye anakamua, mimi nimeshika mkia kwa sababu ng'ombe huyu hupiga usoni. Akaanza kusema bila kugeuka.

Lile tairi la mwaka 1988 lilikuwa jipya kwa macho. La mbele, kushoto. Wameshuka kutoka msituni na lori limejaa magogo. Likapasuka. Utingo wake alikuwa upande ule, hakupona. Kipngeno — huyo nilimjua, alikuwa ameoa miezi minne tu. Hayo yote nayajua. Watu wote wanayajua.

"Nililitoa stoo mimi mwenyewe," akasema. "Niliona nyufa. Nikasema ni vumbi. Bosi alikuwa anapiga honi." Maziwa yanaendelea kupiga ndoo. "Niliona, Mama Fancy. Hiyo sijawahi kumwambia mtu. Niliona, nikapanda."

Nilishika mkia. Miaka tisa nimedhani anaogopa magari.

Baadaye nikamwambia: jana uliona, ukakataa. Alinipa kikombe cha kwanza cha maziwa, yakiwa na povu bado, jambo ambalo alikuwa akilifanya tukiwa wachumba.

Jumamosi, 22 Novemba

Yamefungwa! Manne kwenye gari, mawili kwenye treila, la spea mgongoni.

Sifa mbaya kwanza. Kwenye lami yanalia kama mzinga wa nyuki. Redio haisikiki. Kiti kinatetemeka mpaka meno. Yule karani ananiita helikopta.

Sasa kilima. Inspekta ndani, matope mpaka kwenye kifundo, wachumaji wamekwisha kutua vikapu kabla sijafika — wamezoea. Johana amesimama pale chini na koti la mvua, haniangalii mimi, anaangalia magurudumu. Nikaweka gia nzito, ile ya kuvuta polepole. Nikapanda.

Nikapanda! Kama ngazi! Nikasikia yanauma chini, yanashika, yanauma tena. Juu nikapiga honi. Wachumaji wakapiga makofi, ingawa nadhani walisikitika kidogo.

Nikashuka nimchukue Johana. Nikangoja aende nyuma. Alisimama na mkono kwenye mlango wa mbele, mvua inampiga, muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Akafungua. Akakaa. Akafunga mkanda. Nikaondoa gari, machozi yako hapa.

Miaka tisa. Akafungua mdomo.

"Unabadilisha gia ukiwa umechelewa."

Ati nini?! Tukabishana mpaka nyumbani. Tukabishana tukifungua geti. Fancy, aliyekuja kuomba ruhusa ya kwenda kwa shangazi, alikimbia na ruhusa kabla hatujamsikia.

Nina furaha sana.

Jumanne, 25 Novemba

Kesho. Inspekta amekataa kuingia kwenye treila kufanya mazoezi. Ananusa matairi mapya moja baada ya jingine. Saa nzima. La mwisho akalikojolea. Johana anasema hiyo ni sahihi yake, yamepita.

Jumatano, 26 Novemba

Naandika ndani ya gari, daftari juu ya usukani. Tuko Londiani, ng'ambo ya mji, kilima cha mwisho. Hatujafika. Naweza kupaona tunakokwenda!

Tuliondoka asubuhi na mapema. Nyuki kwenye lami mpaka Kericho. Pale polisi wanaposimama, askari mmoja kijana akanyoosha mkono. Akatazama matairi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akauliza ni nani huyo kwenye treila. "Inspekta," nikasema. Akasimama wima! Mkono ulikuwa umefika kwenye kofia alipomsikia akicheua. Johana aligeukia dirisha, akacheka mpaka Kedowa.

Baada ya mji, udongo mwekundu na mvua. Matairi yakauma. Mteremko, daraja, kona — sikuteleza hata mara moja, na Johana hakusema neno la gia kwa dakika kumi nzima.

Halafu hapa. Barabara imezibwa. Pikapu ya mgombea udiwani, imezama mpaka tumboni, katikati kabisa. Amefunga vipaza sauti juu, na kanda bado inacheza: mchagueni, ataleta barabara! Hakuna anayejua kuizima, kijana wa kanda amekwenda kutafuta trekta. Mgombea mwenyewe amesimama na soksi, kiatu kimoja kimebaki chini ya ardhi. Amekuja dirishani kwangu. "Mama, nivute tu, na barabara hii nitaitengeneza." Johana alishuka, akachuchumaa, akapapasa tairi lake. Akatangaza kwa sauti ya mahakamani: "Kipara." Watu wote wakapiga makofi.

Juu ya kilima, miavuli. Akina mama wote, na ng'ombe wao kumi na mmoja wamewaleta. Chepngeno anaruka na kitambaa chekundu. Kando yake mama mmoja mnene amekunja mikono — huyo lazima ni Mellen. Anangoja kuona kama dume lina miguu.

Tumeifungua treila kutoka kwenye gari, tumeiwekea mawe magurudumuni. Mnyororo umefungwa, gari kwa pikapu. Watu hamsini wako tayari kusukuma, mgombea mbele yao na soksi zake. Na sasa upepo umegeuka, unatoka kwa ng'ombe. Inspekta ameinua pua. Ameacha kucheua. Treila imeanza kutingishika — mawe yanashika — nadhani yanashika —

Johana amekuja dirishani, maji yanamtiririka puani. Anauliza ni kitu gani naandika saa hii! Anasema gia ya pili, nzito, polepole, niyaache matairi yafanye kazi. Mimi nasema ya kwanza. Anasema ya kwanza itachimba kaburi. Nasema nani dereva hapa? Anasema, wewe, ndiyo maana nakuomba.

Hajawahi kuniomba. Anashika kioo cha pembeni, anangoja. Kipaza sauti kinaleta barabara. Haya, nafunga kalamu, nakanyaga klachi, naweka ya pili.